Mbwa Anapokula, Mwache Ale

Mbwa ni mlinzi wa nyumba zetu. Hapa Karagwe na Kyerwa kaya nyingi zinafuga mbwa. Usiku mbwa hulinda mbuzi, kuku na kahawa. Mchana wengine hufukuza nyani katika mahindi. Wengine hufuatana na wachungaji rweya. Tunawaita kwa majina yao, nao wanatujua kwa sauti zetu.

Kwa hiyo tunashangaa sana mbwa huyo huyo anapomng'ata mtoto wa nyumbani. Tunasema, "Mbwa wetu ni mpole. Kaingiwa na nini?"

Sisi tulio katika zahanati hatushangai sana. Tukimwuliza mzazi, "Ilikuwaje?" jibu tunalolisikia mara kwa mara ni hili: "Mbwa alikuwa anakula."

Leo tuzungumze juu ya mbwa na chakula chake. Ni jambo dogo machoni pa watu. Lakini laweza kumgharimu mtoto maisha yake.

HABARI YA MTOTO NA MFUPA

Jioni moja mama mmoja alifika zahanati kwa bodaboda. Alikuwa na mtoto wake wa kiume wa miaka minne. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umefungwa kitenge, na damu ilikuwa imepenya.

Siku hiyo nyumbani kwao walikuwa na sherehe. Walikuwa wamechinja mbuzi. Mbwa alipata mfupa, akaenda nao chini ya migomba kibanjani. Mtoto alimfuata, kwa maana walizoea kucheza pamoja. Alinyoosha mkono aushike mfupa. Mbwa akanguruma. Mtoto hakujua maana ya kunguruma. Mbwa akamng'ata.

Nilipofungua kitenge niliona unga wa kahawa umejazwa katika kidonda. Bibi yake aliuweka ili damu ikatike.

Mama akaniambia, "Daktari, mbwa wetu hana kichaa. Alitetea mfupa wake tu. Nipe dawa ya kidonda nirudi, nyumbani nimeacha wageni."

Nikamwuliza, "Mbwa yuko wapi sasa?"

Akajibu, "Baba yake kamwua kwa panga. Katupwa bondeni."

Ndugu msomaji, soma tena habari hii polepole. Utaona mambo matatu. La kwanza, mtoto asingeng'atwa kama mbwa angelishwa mahali pake. La pili, kidonda kilitiwa kitu kisichofaa badala ya kuoshwa. La tatu, mbwa aliuawa na kutupwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumtazama kujua kama alikuwa mzima au mgonjwa. Tuyaangalie mambo haya moja moja.

KWA NINI MBWA HUTETEA CHAKULA

Mbwa hana shamba wala ghala. Chakula alichonacho ni kile kilicho mbele yake. Akinyang'anywa, hajui kama atapata kingine. Kwa hiyo hukitetea. Hiyo ni tabia ya asili ya mbwa. Hata mbwa mpole anaweza kuwa nayo.

Tabia hiyo huzidi kwa sababu tunazozisababisha sisi wenyewe:

Mbwa hashibi. Anayelishwa mara moja kwa siku mbili hawezi kuacha mfupa kwa hiari.

Mbwa wengi wanalishwa pamoja. Mwenye nguvu hula vyote. Aliye dhaifu hujifunza kula kwa haraka na kwa hasira.

Watu humchokoza. Watoto humvuta mkia anapokula. Wakubwa nao humnyang'anya sahani ili kuonyesha kwamba wao ni mabwana. Mbwa hajifunzi heshima kwa njia hiyo. Hujifunza kwamba mtu akikaribia, chakula kitapotea. Siku nyingine atamwahi mtu huyo kwa meno.

Mbwa ana maumivu au minyoo, au ananyonyesha. Mbwa jike mwenye watoto hutetea chakula na watoto wake pia.

MBWA HUSEMA KABLA YA KUNG'ATA

Mbwa hana maneno, lakini husema kwa mwili wake. Mtazame kwa mbali anapokula. Ukiona dalili hizi, ujue anasema, "Usinikaribie":

Anaacha kutafuna ghafula na kutulia kama jiwe.

Anainamisha kichwa juu ya chakula na kukifunika kwa mwili.

Anaanza kula kwa haraka sana.

Mwili unakakamaa. Manyoya ya shingoni yanasimama.

Anakutazama kwa pembe ya jicho, na weupe wa jicho unaonekana.

Ananguruma au anaonyesha meno.

Watu wengi wakisikia mbwa ananguruma humpiga fimbo. Hilo ni kosa. Kunguruma ni onyo. Ni kama mtu anayepiga hodi kabla ya kuingia. Ukimpiga mbwa kwa sababu ya kunguruma, ataacha kunguruma lakini hataacha hofu yake. Siku nyingine atang'ata bila kupiga hodi. Mbwa akinguruma, simama, usikimbie. Rudi nyuma polepole. Mwache ale.

Wafundishe watoto wako maneno haya matatu: akila, akilala, akinyonyesha. Mbwa aliye katika hali moja ya hizo haguswi, hata kama ni rafiki. Mtoto ambaye bado hajaelewa maneno asiachwe na mbwa peke yao hata kidogo.

JINSI YA KUMLISHA MBWA

Njia zifuatazo hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji utaratibu tu.

1. Mpe mbwa mahali pake pa kulia. Chagua upande wa nyumba usio na njia, mbali na mlango, mbali na jiko na mahali watoto wanapochezea. Kama una banda, mlishe humo na ufunge mlango. Mfungulie baada ya kumaliza.

2. Mpe chombo chake. Sufuria kuukuu au kipande cha dumu lililokatwa kinatosha. Chombo hicho kisitumiwe na watu. Maji safi yawepo wakati wote.

3. Mlishe kwa saa zile zile. Asubuhi na jioni ni vizuri. Mbwa anayejua kwamba jioni atakula hana haja ya kuiba mchana.

4. Mshibishe. Ugali au uji mzito wa pumba uliochanganywa na dagaa, maharage yaliyoiva au mchuzi wa mifupa ni chakula kizuri. Mabaki ya ndizi na maharage pia yanafaa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa maana huvunjika na kuwa na ncha kali. Matumbo na maini ya mnyama yachemshwe kwanza, kwa sababu yakiwa mabichi yana minyoo ambayo mbwa huieneza hadi kwa watu.

5. Kama una mbwa wawili au zaidi, watenganishe. Kila mmoja awe na chombo chake, na asimwone mwenzake akila. Watoto wa mbwa pia wazoeshwe kula kila mmoja katika chombo chake.

6. Anayelisha mbwa awe mtu mzima au kijana mkubwa. Mtoto mdogo asitumwe kupeleka chakula cha mbwa.

7. Watu wanapokula, mbwa awe nje. Usimrushie tonge mkekani. Mtoto mdogo anayekula amekaa chini, uso wake uko sawa na mdomo wa mbwa. Mbwa akitaka kunyakua ndizi mkononi mwa mtoto, meno yanaweza kushika shavu. Majeraha ya kichwa na uso ni ya hatari kuliko ya mguu, maana yako karibu na ubongo.

8. Siku ya sherehe au msiba, funga mbwa mapema. Siku hizo kuna nyama, mifupa, wageni na watoto wengi. Mbwa wa majirani nao huja. Chimbeni shimo la mifupa na kulifunika vizuri. Mifupa iliyotupwa ovyo huleta vita vya mbwa katikati ya watu.

MBWA ALIYEKWISHA KUWA MKALI

Pengine utasema, "Mbwa wangu tayari ananguruma kila anapokula. Nifanye nini?"

Kwanza, acha kabisa kumnyang'anya. Halafu mfundishe jambo jipya: kwamba mtu akikaribia, chakula huongezeka.

Fanya hivi. Mpe chakula chake cha kawaida. Wewe simama mbali, mahali ambapo hanguruma. Mrushie kipande cha kitu anachokipenda zaidi, kama dagaa au kipande cha nyama. Kisha ondoka. Fanya hivyo kila siku. Baada ya siku kadhaa utamwona anakutazama kwa mwili uliolegea, akitikisa mkia, akingoja kipande. Hapo sogea hatua moja. Akikakamaa, rudi nyuma. Usiwe na haraka. Kazi hii yaweza kuchukua wiki nyingi, na ni ya mtu mzima tu.

Je, kama mbwa ameshika kitu cha hatari, au amenyakua kiatu cha mtoto? Usivutane naye. Rusha chakula kingine mbali kidogo. Akienda kukila, mfungie upande huo au umwite. Ndipo uokote kile kitu.

Kama mbwa amekwisha kung'ata mtu, usijaribu mazoezi haya peke yako. Mlishe ndani ya banda lililofungwa, na umwone afisa mifugo wa kata yako. Akutazamie kama mbwa ana ugonjwa au maumivu.

Na kama mbwa hajawahi kuwa na ukali, kisha tabia yake ikabadilika ghafula, hapo uwe mwangalifu sana. Hilo linatupeleka katika jambo kubwa zaidi.

"MBWA AMEKWAMWA NA MFUPA"

Kijana mmoja alipita zahanati akaomba plasta. Vidole vyake viwili vilikuwa na michubuko midogo. Nilimwuliza imetoka wapi.

Akasema, "Mbwa wangu amekwamwa na mfupa. Taya limelegea, mate yanachuruzika, hali wala hanywi. Nilimpanua mdomo nikaingiza mkono kuutafuta, lakini sikuuona."

Niliiweka plasta mezani. Nilimpeleka kwanza kwenye maji na sabuni.

Ndugu msomaji, mbwa aliyelegea taya, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo hulegeza misuli ya taya na koo. Mtu humwonea huruma mbwa wake, akadhani ni mfupa, akaingiza mkono mdomoni. Kumbe ugonjwa umo katika mate yale yale.

Mbwa wa kijana yule alikufa baada ya siku mbili. Kichwa chake hakikupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kilikuwa kichaa. Lakini kijana alikwenda hospitali siku ile ile, akachomwa sindano zake zote. Yu mzima. Kama angebandika plasta na kwenda shambani, tungekuwa tunaucheza mchezo wa bahati na uhai wake.

Dalili nyingine za mbwa mwenye kichaa ni hizi: kubadilika tabia, mpole kuwa mkali au mkali kuwa mnyonge. Kung'ata bila kuchokozwa, hata kung'ata miti, mawe na mnyororo. Kubweka kwa sauti iliyokauka. Kutangatanga mbali na nyumbani. Kuyumba na kulegea miguu. Sio lazima dalili zote zionekane kwa pamoja.

Mbwa anayetetea chakula chake huwa mkali wakati wa kula tu. Chakula kikiisha, hutulia na kurudi katika tabia yake. Mbwa mwenye kichaa ni mgonjwa wakati wote, na kwa kawaida hufa katika siku chache. Lakini sikiliza neno hili: siku ya kwanza huwezi kuwa na hakika. Hata mimi siwezi. Mbwa anaweza kuwa na ugonjwa katika mate yake siku chache kabla dalili hazijaonekana. Kwa hiyo maneno "alikuwa anakula tu" yasikuzuie kwenda kutibiwa.

KICHAA CHA MBWA KINAUA

Ugonjwa huu huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vimo katika mate ya mnyama mgonjwa. Humwingia mtu kwa kung'atwa, kukwaruzwa, au kulambwa penye kidonda, jichoni au mdomoni. Kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo.

Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa wiki moja, au hata mwaka na zaidi. Wakati huo kidonda kimekwisha kupona na watu wamesahau. Ndipo mgonjwa huanza kuogopa maji, kushindwa kumeza na kuweweseka. Dalili zikianza, hakuna dawa ya kumponya. Karibu wote hufa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani. Wengi wao ni wa Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, watafiti walikadiria mwaka 2002 kwamba vifo vilikuwa karibu 1,500 kwa mwaka.

Lakini kuna habari njema. Ule muda wa miezi ambao virusi vinasafiri ndio nafasi yetu. Mtu akioshwa vizuri na kupata chanjo mapema, anapona. Si jambo jipya. Tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimpa chanjo mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa. Mtoto huyo aliishi.

MTU AKING'ATWA, FANYA HIVI

Kwanza: osha. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayomiminika kwa dakika 15. Tumia sabuni yoyote, hata ya mche. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine maji kwa dumu na mwingine aoshe. Tazama saa ya simu, maana dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Mtoto atalia. Mpoze, lakini endelea kuosha.

Pili: usitie kitu kidondani. Usitie unga wa kahawa, majivu, udongo, mafuta ya taa, pilipili wala manyoya ya mbwa. Hivyo haviui virusi. Huleta uchafu na kuchelewesha kazi.

Tatu: nenda zahanati au hospitali siku ile ile. Nenda hata kama kidonda ni kidogo. Nenda hata kama mbwa ni wenu. Nenda hata kama mbwa alichanjwa. Kama siku zimekwisha kupita, nenda vile vile. Kuchelewa ni afadhali kuliko kutokwenda.

Si kila zahanati ina chanjo hii. Piga simu kwanza, au muulize mhudumu wa afya wa kitongoji chako, ili usipoteze siku kwa safari ya bure. Sisi wa zahanati tutaosha kidonda, tutakupa kinga ya pepopunda, na tutakuelekeza hospitali yenye chanjo.

Nne: maliza sindano zote. Wazee husimulia juu ya sindano nyingi za tumboni. Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi sindano ni chache na huchomwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo. Hutolewa kwa tarehe maalumu. Ziandike ukutani kama huna kalenda. Mama mjamzito na mtoto mchanga nao hupewa. Kidonda kikubwa au cha usoni kinaweza kuhitaji dawa nyingine ya ziada kidondani, kwa hiyo usicheleweshe.

Najua nauli na gharama ni mzigo. Nimewaona wazazi wakihesabu noti mara mbili mbele yangu. Ndiyo maana nasisitiza namna ya kumlisha mbwa. Kumtenga mbwa anapokula hakuna gharama.

USIMWUE MBWA KWA HASIRA

Mtoto akilia damu, baba hushika panga. Naielewa hasira hiyo. Lakini mbwa aliye hai anaweza kutuambia jambo ambalo mbwa aliyekufa na kutupwa hawezi.

Kama mbwa anajulikana na anaonekana mzima, mfunge mahali pa salama kwa siku 10. Mpe chakula na maji kwa mbali. Mpe habari afisa mifugo. Mbwa akiwa mzima baada ya siku 10, ni ishara kwamba hakuwa na ugonjwa katika mate yake siku aliyong'ata. Mtaalamu wa afya anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Hapo umeokoa fedha, na umeokoa mlinzi wako. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo 10 nyumbani. Aanze sindano mara moja huku mbwa akitazamwa.

Kama mbwa ana dalili za kichaa, usimshike. Ondoeni watoto. Mpeni habari mwenyekiti wa kitongoji na afisa mifugo upesi. Kama amekwisha kufa au kuuawa, msimtupe bondeni wala mtoni. Msimguse kwa mikono mitupu. Mwulizeni afisa mifugo, kwa maana kichwa kinaweza kupelekwa kupimwa.

CHANJO YA MBWA

Kinga iliyo kubwa kuliko zote ni kumchanja mbwa kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hata watoto wa mbwa wapelekwe siku ya chanjo.

Wenzetu wa Pemba wameonyesha kwamba inawezekana. Mbwa walichanjwa mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2014 ugonjwa ukakoma kisiwani. Baadaye uliingia tena kutoka nje. Chanjo ikarudiwa kwa nguvu, nao ukakoma tena mwaka 2018.

Sisi si kisiwa. Karagwe inapakana na Rwanda. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012, inapakana na Rwanda na Uganda. Mbwa haulizwi hati mpakani. Porini nako kuna fisi na mbweha, ambao huweza kuugua pia. Kwa hiyo hatuwezi kuchanja mara moja tu na kukaa kimya.

Na hapa chakula kinarudi tena. Mbwa mwenye njaa hutangatanga. Huenda sokoni, majalalani na machinjioni. Huko hukutana na mbwa wengine, hupigania mifupa na kung'atwa. Kisha hurudi nyumbani usiku, akalala mlangoni pako. Mbwa anayeshiba nyumbani hana safari nyingi.

NENO LA MWISHO

Yule mtoto wa mfupa nilimwosha kidonda mpaka unga wa kahawa wote ukatoka. Mama alitaka kurudi kwa wageni wake. Tulizungumza kwa muda. Mwishowe alimpigia simu mumewe, naye akaja na fedha ya nauli. Usiku ule ule walikwenda hospitali. Kwa kuwa mbwa alikuwa amekwisha kuuawa na kutupwa, hapakuwa na la kutazama. Ilibidi mtoto amalize sindano zote, na wazazi walipe zote.

Miezi mingi imepita. Mtoto ana kovu mkononi na ni mzima. Nyumba ile sasa ina mbwa mwingine, mdogo bado. Nilipopita kwao niliona banda dogo la miti nyuma ya jiko. Bibi yake alinionyesha, akasema, "Hapa ndipo mezani pake. Akiwa ndani, hata mimi sipiti."

Nawe, ndugu msomaji, jioni ya leo utampa mbwa wako chakula. Tazama ni wapi unapomwekea. Tazama nani yuko karibu. Kisha mwache ale.

MJADILI DARASANI

1. Kwa nini si vizuri kumpiga mbwa anayenguruma?

2. Nyumbani kwako mbwa analia chakula wapi? Je, watoto hupita hapo?

3. Mtu aking'atwa na mbwa wa nyumbani, ni mambo gani yafanywe siku hiyo hiyo?

4. Mbwa amelegea taya na anadondosha mate. Kwa nini usiingize mkono mdomoni mwake?

5. Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa, kitongoji chenu kitafanya nini ili mbwa wote wafikishwe?